Njia inapokatika Blisworth

Leo mchana, Stoke Bruerne, Uingereza. Umepita makumbusho ya mfereji, unafuata maji ya mfereji wa Grand Union, hata kilomita haijatimia, mara njia inakatika.

Mbele ni mdomo wa handaki la Blisworth. Giza, na maji yanadondoka darini.

Lilifunguliwa mwaka 1805, urefu wake zaidi ya mita 2,800, na halikuwekewa njia ya miguu. Zamani farasi aliyevuta mashua alifunguliwa kamba, akaongozwa kupita juu ya kilima. Huku chini, watu walilala chali kwenye mashua na kuisukuma kwa kukanyaga kuta. Hebu fikiria magoti yao!

Kwa hiyo anayetembea hupita alikopita farasi: juu.

Mashambani utaona minara minene ya matofali imesimama peke yake. Wengi huipita bila kuijali. Ni matundu ya kupitishia hewa, nayo ndiyo yanayokuonyesha handaki linakopita chini ya nyayo zako.

Mvua ikinyesha, vaa buti. Matope ya huku hunata.

Ingekuwa nyie, mngepanda kilima au mngedandia mashua gizani?