Siku Yangu na Kadi za Kiarabu

Saa kumi na mbili asubuhi. Likoni, Mombasa. Nafundisha Kiarabu chuo kikuu, kwa michezo. Nakata karatasi za manila ziwe kadi za mchezo wa soko: mchele, samaki, vitunguu, tini. Binti yangu auliza kama chuo kikuu siku hizi ni chekechea.

Saa moja. Feri, kisha tuktuk. Mfuko wa kadi nimeukumbatia.

Saa mbili. Mwaka wa kwanza. Baadhi yao wametoka madrasa: Kurani wanaisoma kwa tajwidi safi, yaani kwa kanuni zake za matamshi, lakini muulize kwa Kiarabu amekunywa nini asubuhi, anakodoa macho. Wengine wametoka bara na hata herufi bado zinawasumbua. Soko ndilo linalowakutanisha. Muuzaji anajua bei, mnunuzi ana orodha, na hakuna anayeiona kadi ya mwenzake. Itabidi aulize: "Bikam haadha?" Hii ni bei gani? Ukichomeka Kiswahili au ukinyoosha kidole, unatozwa dirhamu moja ya karatasi.

Leo msichana wa Machakos ametaka tini, kwa Kiarabu "tiin", lakini "t" yake ikatoka nzito, na neno likageuka kuwa tope. Muuzaji, kijana wa Kisauni, akamwekea mezani vumbi la chaki. "Ustadha, huyu ananionea!" Faini ya Kiswahili akalipa, akarudi na "t" nyepesi, halafu akaanza kumbana bei: ghaali, ghaali jiddan! Kijana wa tajwidi akaishiwa maneno, akauza kwa nusu bei.

Saa nne. Chai na mahamri. Jirani wa ofisi analalamikia kelele. Namwambia nilizitafuta kwa bidii.

Saa nane. Joto, na mwaka wa pili wamesinzia. Tunarusha dadu kwa hesabu za tatu hadi kumi, ambako namba huenda kinyume na jinsia ya nomino, ya kike kwa nomino ya kiume na ya kiume kwa nomino ya kike: thalaathatu kutub (vitabu vitatu), lakini thalaathu sayyaaraat (magari matatu). Peke yake mchezo huu haunipendezi. Wanapiga hesabu kichwani, hawazungumzi. Ndiyo maana mwanafunzi wa pembeni lazima aulize kwanza: "Kam kitaaban 'indak?" Una vitabu vingapi? Mashindano ya kwenye simu nimeyapunguza kwa sababu hiyohiyo. Vidole vinafanya kazi, midomo imefungwa.

Saa kumi. Alama. Mshindi hapati ya ziada; naangalia nani ameuliza maswali mengi.

Saa mbili usiku. Kadi za kesho, hospitali. Wa madrasa watakuwa wagonjwa, wa bara madaktari, maana daktari ndiye mwenye maswali.