Mistari 14 kabla ya kisa

Nilikuwa kidato cha tatu, Kisumu, mwalimu wetu wa Kiswahili aliponirudishia insha ikiwa na mstari mwekundu ulioteremka hadi karibu nusu ukurasa. Methali ilikuwa "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Nami nilianza tulivyozoea tangu shule ya msingi: majogoo yakiwika, jua likichomoza, nikarauka alfajiri na mapema. Akahesabu kwa ncha ya kalamu.

"Mistari 14, na mtoto bado hajadekezwa!"

Akaugawa ubao mara mbili. Huku akaandika "mchelea mwana kulia", kule "hulia yeye". Kila upande, alisema, unataka matukio yake. Upande wa kwanza mzazi aonekane akimwonea mtoto huruma, tena zaidi ya mara moja. Upande wa pili ndio uliotuangusha wengi. Tulimaliza kwa kijana kutiwa pingu, mzazi tukamsahau. Lakini "yeye" wa methali ni mzazi! Asipolia yeye, insha imesimama kwa mguu mmoja, na alama zinakwenda hata lugha ikiwa tamu namna gani.

Muda nao aliupanga. Karatasi ya insha ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, ilikuwa ya saa 1 na dakika 45, insha mbili. Kila insha: dakika 5 za kupanga, 40 za kuandika, 5 za kupitia. Zinabaki 5 za kusoma maswali. Kwa maneno 400, hesabu maneno ya mistari mitatu, gawa kwa tatu. Ukipata 10, mistari 40 yatosha.

Hijai ndiyo iliyomuuma zaidi. Dholuo, lugha ya Waluo tuliyoizoea nyumbani, haina sauti "sh", basi shamba lilikuwa "samba" na shida "sida", pamoja na "kwasababu" iliyoshikana. Alitufunza kupitia insha kuanzia sentensi ya mwisho tukirudi nyuma, maana ukisoma kwa mtiririko wa kisa, jicho huona ulichokusudia, si ulichoandika. Mpaka leo sijaona njia bora kuliko hiyo.

Jioni, wakati wa maandalio, niliandika upya. Sentensi ya kwanza: "Mama aliificha fimbo ya Baba darini." Kesho yake mwalimu akatia vema pambizoni, asiseme neno, kisha akafunua ukurasa wa pili kulitafuta chozi la mama.