Saa tatu ya mjomba

Jumamosi ile mjomba alinipigia simu kutoka Pangani, hata shikamoo yangu hakuingoja. "Mpwa wangu, hiyo mashine yako imeniletea wageni wanne saa tisa mchana. Maziwe iko wapi saa tisa?"

Kwa asiyeijua Maziwe: zamani kilikuwa kisiwa chenye miti, siku hizi ni fungu la mchanga. Maji yakikupwa unashuka na mkeka wako. Bamvua, yaani maji makubwa, likijaa, huoni kitu. Siku za bamvua huku kwetu maji hukupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi, na kwenye saa kumi jioni yamejaa. Ndiyo maana boti ya mjomba hutoka saa tatu. Na ndivyo alivyoniandikia kwenye yale maelezo niliyoipa programu ya kuwajibu wateja: "Boti inatoka saa 3." Asubuhi hakuiandika. Pangani nani angeuliza?

Modeli, yaani akili mnemba iliyo ndani ya programu hiyo, ikawajibu wageni kwa Kiingereza, saa 3 ikawa 3 pm, yaani 15:00. Saa yetu na yao zinapishana saa sita. Maji nayo, kutoka kupwa hadi kujaa, huchukua saa sita na dakika kama kumi na mbili. Ukilitaka kosa la kumharibia mtu safari ya Maziwe, hulipati zuri kuliko hilo.

Nikafungua dashibodi, ukurasa wa kuangalia hali ya programu, niko sebuleni Chumbageni, Tanga, chai inapoa. Kijani tupu. Kila ombi 200, yaani limejibiwa bila hitilafu, kila jibu ndani ya sekunde mbili, matumizi ya tokeni, vile vipande vya maneno ambavyo modeli huhesabiwa, yaleyale. Kilichoniuma zaidi ni hakimu. Nilikuwa nimeweka modeli ya pili ikague majibu ya ile ya kwanza, nikaiuliza: jibu linalingana na maelezo? Maelezo yanasema 3, jibu linasema 3. Ikatoa tano juu ya tano. Hakimu na mshtakiwa wamesoma madrasa moja!

Nikaongeza kwenye prompti, yale maagizo ninayoipa modeli, "kumbuka saa za Kiswahili." Swali lilelile nililirudia mara tano: tatu sawa, mbili ovyo. Basi saa nikaitoa kabisa mikononi mwa modeli. Iko kwenye jedwali, kwa mtindo wa 09:00, na kodi, yaani msimbo wa programu nilioandika mwenyewe, ndiyo inayoipachika kwenye jibu. Kisha nikachukua maswali 40 kutoka WhatsApp ya mjomba, nikafuta majina na namba za watu, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, kila moja linaulizwa mara tano. Kulinganisha jibu neno kwa neno haiwezekani, maana kila mara linakuja na maneno yake. Kwa hiyo kodi fupi inachomoa saa tu na kuipima na jedwali.

Kiingereza kikapita. Kiswahili: "Karibu sana, boti inatoka saa 9 asubuhi." Kosa lilelile, limegeuza uso tu. Mtu wa Korogwe akiambiwa saa tisa asubuhi aje lini, na popo? Hilo nalo nikalirekebisha. Toleo la modeli nalo nimelitaja kwa jina lake kamili, lisibadilishwe nikiwa nimelala.

Siku hizi kila Ijumaa baada ya sala mjomba anapata majibu 20 ya wiki, nimeyachapa kwenye karatasi kwa herufi kubwa, maana simu inamchosha macho. Anatia vema au mkasi kwa kalamu ya wino mwekundu. Wiki iliyopita alitia mkasi jibu ambalo majaribio yangu yote yalilipitisha: saa sahihi, bei sahihi, lugha safi. Pembeni ameandika, "Mwezi nane. Maji mafu, hayakupwi sana. Usimpeleke."

Nikampigia. "Mjomba, mwezi nane ni Agosti?"

Alicheka mpaka akakohoa. Mwezi wa angani, mwanangu, siku ya nane tangu uandame. Jedwali limeongezwa safu.