Nilivyoipata barabara isiyo na magari: baiskeli yangu na mifereji ya Mwea

Anayeendesha baiskeli Nairobi huendesha kwa masikio. Matatu unaisikia kabla hujaiona, na kwa mlio wa injini unajua kama dereva anataka kukupita au kukubana mtaroni. Mimi naishi Buruburu, kwa hiyo Jogoo Road ndiyo iliyonifunza. Thika Road ina njia za baiskeli pembeni, lakini wachuuzi wamezigeuza soko na bodaboda wamezifanya njia ya mkato. Karura ni pazuri, sibishi, ila ni msitu wa kupanda na kushuka, na langoni unalipa. Nilichokitaka mimi kilikuwa kidogo sana: kukanyaga pedali saa nzima bila kugusa breki.

Mwea, eneo la mashamba ya mpunga huko Kirinyaga, nilikuwa naijua kama ukweni tu. Mke wangu kwao ni karibu na Kimbimbi, na tulipokuwa tukienda huko ilikuwa kwa harusi au matanga, nimevaa viatu vya kung'aa, nafasi ya kutazama shamba sina. Siku moja shemeji yangu, ambaye ni mkulima wa mpunga, alinipakia kwenye pikipiki yake twende akaangalie kama maji yamemfikia. Tukafuata barabara ya udongo kandokando ya mfereji, imenyooka mpaka macho yanachoka, kushoto majaruba, yaani vipande vya shamba la mpunga, kulia majaruba, na hakuna gari lililotupita. Nikamuuliza barabara hii ni ya nani. "Ni ya mfereji, shemeji. Bila barabara mfereji utausafisha vipi?"

Jibu hilo ndilo lililonifungua macho. Mpunga hukua ndani ya maji yaliyotuama. Jaruba likiinama, upande mmoja utazama na mwingine utakauka, kwa hiyo ardhi yote imesawazishwa kipande kwa kipande. Na kwa kuwa mifereji lazima izolewe tope na kukaguliwa, mikubwa yake ina njia pembeni. Usawa na njia tupu, vitu viwili nilivyokuwa nikivitafuta mjini, huku vimeletwa na maji. Kazi ya kuchimba ilianza miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, na waliotumikishwa walikuwa mahabusu wa Mau Mau. Wazee wa ukweni hawalizungumzii sana jambo hilo, na mimi siwachokozi.

Sasa kufika. Kutoka Nairobi hadi Wang'uru, mji mkuu wa Mwea, ni kama kilomita 100. Wapo wanaoziendesha zote. Mimi sioni maana ya kutafuta utulivu kwa kupitia katikati ya malori. Baiskeli yangu hupanda matatu. Jumapili natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, Jogoo Road ikiwa bado ya walevi na wauza maziwa, naelekea steji za magari ya Embu karibu na River Road. Makanga huitazama baiskeli kana kwamba nimemletea ng'ombe. "Mzee, hiyo ni viti viwili." Namwambia inakwenda juu kwenye keria, magurudumu nayatoa mwenyewe na kamba ninayo. Bei inashuka taratibu hadi nusu nauli au karibu na hapo. Jambo la maana ni kufika kabla keria haijajaa magunia, na kuilaza baiskeli upande wa gia ukiwa juu, kipande cha godoro kuukuu kikikaa kati ya fremu na chuma. Makanga asikuharakishe katika kufunga kamba. Akisema gari linaondoka, jua bado linasubiri abiria watatu.

Kabla ya hapo nilikuwa nimemalizana na suala la tairi. Zangu zilikuwa nyembamba, za milimita 25, nzuri kwa lami. Njia za mifereji si lami: mahali pengine changarawe, kwingi ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Fundi wangu wa Kariobangi alipima nafasi kwenye uma wa mbele akasema milimita 35 zitaingia, zaidi ya hapo zitasugua. Akaniambia pia nisizijaze upepo mpaka ziwe ngumu, na alisema kweli, maana udongo ule ukikauka hupasuka nyufa, na tairi gumu hukurusha juu ya kila ufa. Ukilowa ndiyo basi tena. Unashika kwenye tairi, unajaa chini ya breki, gurudumu linakataa kuzunguka, unabeba baiskeli begani ikiwa na uzito maradufu. Kwa hiyo Jumamosi jioni nampigia shemeji simu. Akiniambia wingu limekaa vibaya, nalala.

Lakini kilichonisaidia kuliko tairi ni kalenda ya mpunga. Maji ya Mwea hutoka mito ya Thiba na Nyamindi, nayo hugawanywa kwa zamu, hata baada ya bwawa la Thiba kukamilika mwaka 2022. Katika msimu mkuu miche huwa kitaluni mwezi Julai, mashamba yanavurugwa kwa trekta na maksai, kisha Agosti akina mama wanainama kupandikiza. Wakati huo njia hazifai sana, maana trekta zikitoka jarubani zinaacha tope barabarani na maksai hawana haraka ya kukupisha. Mwisho wa Agosti hadi mwanzo wa Oktoba, kabla ya mvua za vuli, ndipo pa kwenda. Udongo umekauka, kijani kimefunika kila kitu, yangeyange wamesimama majini, na watu wengi wako kanisani. Mpunga ukianza kutia punje, vijana wa kuwinga ndege wanaingia kazini dhidi ya kwelea. Wanapiga makopo, wanapiga mayowe, na wanarusha madonge ya tope. Piga kengele mapema, kwa sababu donge halichagui. Novemba na Desemba ni mavuno, malori yanakuja hadi mashambani na turubai za mpunga zinatandazwa pembeni kuanikwa jua. Hapo nashuka na kusukuma. Kupitisha tairi juu ya mpunga wa mtu ni ugomvi ambao hata ukwe hautakuokoa.

Majaruba yote yanafanana, na programu ya ramani kwenye simu haiujui kila mfereji. Shemeji alinipa njia yake: tazama maji yanakokwenda. Yanashuka kutoka upande wa Mlima Kenya kwenda kusini, kwa hiyo ukiwa kusini ya barabara kuu inayokwenda Embu, yafuate yanakotoka na utaifikia. Ukiwa kaskazini, yafuate yanakokwenda. Mlima wenyewe huonekana asubuhi na mapema, baadaye wingu linaufunika. Maji ya mfereji mkubwa hayabadiliki hivyo, ingawa katika vijifereji vidogo usiyaamini, hayo huzungushwa kumfuata mwenye zamu.

Nilidhani tambarare ni rahisi. Kwenye mlima unateseka kupanda, kisha unashuka ukipumzika. Hapa hakuna kushuka, kila mzunguko wa gurudumu unaulipia kwa mguu, na makalio hayaondoki kitini. Sasa nasimama juu ya pedali kila baada ya muda, hata kama sina haja. Tena kuna joto. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Mwea ni elfu moja mia moja na kitu, tofauti hiyo unaihisi ikifika saa nne. Maji ya kunywa nabeba chupa mbili, na ya mfereji siyagusi hata kunawa miguu, kwa ajili ya kichocho. Mbu nao ni wengi jioni, ila mimi huwa nimeshaondoka.

Baiskeli zenyewe ziko tele. Mzee mmoja alinipita akiwa kwenye Black Mamba, ile baiskeli nzito ya kazi, yenye gunia nyuma, hana gia, amevaa gambuti. Tukasalimiana, akapunguza mwendo ili tuongee. "Kijana, unapeleka nini?" Nikasema sipeleki kitu, natembea tu. Akaiangalia keria yangu isiyokuwepo, akaniuliza kama baiskeli ilikuwa inauzwa hivyo hivyo au sehemu nyingine imeibwa.

Tatizo ambalo hakuna mwendesha baiskeli wa Nairobi aliyenitayarisha kwalo ni kaptula. Zile za kubana zina sifongo, na kwa safari ya saa tatu kwenye tambarare mimi siwezi bila hiyo. Lakini huwezi kupita Kimbimbi bila kumsalimia mama mkwe, na mbele ya mama mkwe kaptula ya kubana haiingii. Mwanzoni nilibeba suruali ndefu kwenye mkoba, ikafika imelowa jasho. Shemeji akapata dawa: suruali na shati vikae kwake, kwenye msumari ghalani, mimi nipitie huko kwanza. Mama bado haelewi kwa nini mtu mwenye kazi ya ofisini anafika kwa baiskeli, na nafikiri anamwonea mwanawe huruma.

Anatupakulia wali, kisha ananifungia pishori, mchele wa Mwea unaonukia, ya kubeba. Hiyo nakubali bila kujivunga, maana sokoni mjini mchele unaoitwa wa Mwea mara nyingi umechanganywa, na harufu ndiyo inayowasema wauzaji. Saa nane nipo Wang'uru natafuta matatu, kwa sababu ikichelewa zaidi ya hapo msongamano wa Jumapili jioni utatukuta Thika Road. Makanga wa kurudi hawabishani sana kuhusu baiskeli. Wanauliza mchele ni kilo ngapi, na mfuko huo siuweki juu ya keria. Nasafiri nao mapajani.