Walianza na vitofali

Siku ya pili tangu nirudi, baada ya miaka 11, niliteremka hadi mtaa wa maduka, pale chini ya geti la chuo chetu. Mnaujua. Fotokopi huku, vitabu vya mitumba kule, kinyozi katikati, na ule mtaro uliotuziba pua kila mvua iliponyesha. Kwenye simu niliambiwa umekuwa mpya, na kweli: vitofali vyekundu ukuta hadi ukuta, taa ndefu, viti vya chuma. Nilifurahi kama mtoto. Kisha nikakiona kiraka.

Ni kiraka cha lami, kimeukata mtaa mzima kutoka kwa vitabu hadi kwa kinyozi. Upana wake hatua moja, katikati kimebonyea na maji yametuama. Nikachuchumaa. Vitofali vya pembeni vimelegea. Ukikanyaga kimoja, kinatema tope. Kinyozi akanieleza: bomba lilipasuka, lile lile la enzi zetu. Walipanga vitofali juu yake bila kuligusa, na lilipoachia wakavunja kazi mpya, wakafukia, wakamwaga lami. Sifa ya kitofali ni kwamba kinainuliwa na kurudishwa mahali pake, mradi mchanga wa chini ushindiliwe upya. Hata hilo hawakulifanya. Hadi mwisho wa mtaa nilihesabu viraka vingine vinne.

Imeniuma, kwa sababu kinachoua maduka ni kuchimba. Muhula mzima mlango wa kinyozi ulikuwa shimo na mbao mbili za kuvukia. Wanafunzi wakazoea njia ya nyuma, na si wote waliorudi. Fremu tatu jirani yake zimefungwa. Mtu aliyekwisha kula vumbi hilo, kumchimbia tena ni kumdhulumu.

Ithaca, mji wa chuo kikuu cha Cornell kule Marekani, walifumua mtaa wao wa maduka kati ya 2013 na 2015. Wenye maduka walitaabika kwelikweli, lakini mabomba na nyaya zilizochakaa zilibadilishwa katika shimo hilohilo, ndipo juu pakatandazwa. Na hukohuko Cornell ndiko ulikobuniwa mchanganyiko wa kokoto na udongo unaoshindiliwa ukabeba njia ya miguu, huku mizizi ya miti ikipata pa kupenya. Kwetu miti mikubwa imekatwa, na miche michanga imedumbukizwa kwenye vishimo vya upana wa ndoo. Saa saba mchana viti vile vya chuma havikaliki.

Jambo moja nawapongeza bila kinyongo: kila kona sasa ina mteremko. Mnakumbuka tulivyokuwa tukimbeba mwenzetu pamoja na kiti chake cha magurudumu? Nilimwona binti mmoja akivuka peke yake, hata hakupunguza mwendo. Berkeley, mji mwingine wa chuo kikuu kule Marekani, walianza hayo mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Sasa awamu ya pili inakwenda upande wa hosteli. Wenye fremu huko, msiridhike na picha za rangi. Dai ramani ya mabomba, uliza lako lina umri gani, na mlango wako utafungwa siku ngapi, kwa maandishi. Jana nilipita: vitofali vimeshashushwa, vimepangwa vizuri juu ya mbao. Bomba jipya sikuliona hata moja.