Hamsini kwa Sabini: siku yangu moja studio

Saa 11 alfajiri. Simu nimeitegesha ilie saa 11 na robo, lakini jogoo wa jirani huitangulia. Chai ya rangi, mandazi ya jana, natoka.

Kabla sijapanda gari nieleze kazi yangu. Mimi hupiga picha za pasipoti. Studio yangu ni chumba kimoja kwenye jengo la zamani karibu na River Road, Nairobi: pazia jeupe, stuli, taa mbili na printa yenye hasira. Kazi hii imenifanya nijue nani anahama hata kabla mama yake hajaambiwa. Tuliokua pamoja Buruburu tulikuwa watano. Watatu nimewaandika kwenye simu kwa jina la mji: Doha, Leeds, Kitengela. Msicheke hapo Kitengela. Ni kilomita kama 30 tu kutoka tao, lakini wa Doha tunaongea kila wiki, ilhali wa Kitengela mara ya mwisho tulionana matangani.

Saa 12 na nusu niko ndani ya matatu ya 58, Jogoo Road imeshikana. Makanga anadai mia kwa sababu "mvua inakuja". Mbingu haina hata wingu.

Saa 1 na dakika 40 napita Archives, jengo la nyaraka za taifa. Mtu yuko kwenye simu anamwelekeza mwenzake, "Nipate hapo Hilton," na hoteli yenyewe ilifungwa mwisho wa 2022. Hapo karibu amesimama Tom Mboya wa shaba, na flamingo wake miguuni. Mwaka 1959 ndege ya kwanza ya mpango wake wa masomo ilipeleka wanafunzi 81 Marekani. Wale walitarajiwa warudi kujenga nchi, na wengi walirudi. Wateja wangu huniambia nao watarudi. Huwa naitikia tu nikiwasogezea stuli.

Asubuhi haina la kusimulia. Wanafunzi, mzee wa kitambulisho, mtoto mchanga aliyekataa katakata kufungua macho.

Saa 5 nafunga nusu saa kwenda kumfuatia Leeds karatasi zake za matokeo chuoni. Hii ni mara ya tatu. Chuo chenyewe sikitaji. Karani ameenda chai, koti lake liko kwenye kiti. Hii ndiyo kazi ya pili ya aliyebaki, na haina mshahara: kusimama kwenye foleni za watu walio mbali, kumpelekea mama wa fulani dawa, kumwambia wa Doha kama ploti yake bado ina ua. Wakati mwingine nahisi mimi ndiye Nairobi yao, na Nairobi haichoki, kwa hiyo nami sina ruhusa ya kuchoka. Narudi mikono mitupu.

Saa 7 na nusu, chapo madondo kwa mama wa kibandani hapo chini. Amenisikia nikikohoa, akanitilia tangawizi kwenye chai bila kuulizwa. Watu wakiniuliza nangoja nini nisiende, huwa nakosa jibu la maana. Siwezi kuwaambia ni tangawizi.

Saa 9 mvua ikaja kweli (makanga, nisamehe), na pamoja nayo akaingia yule wa tano. Ana maua mawili ya jakaranda yamemnasa kwenye nywele. Hakuketi.

"Manze, nipigie hamsini kwa sabini."

Mtu wa kazi hii akisikia vipimo amesikia habari yote. Marekani ni mraba, milimita 51 kila upande. Ulaya ni 35 kwa 45, na anayekwenda Kanada kutembea tu hutumia hiyo hiyo. Hamsini kwa sabini ni Kanada ya kuhamia. Mumewe yuko Calgary tangu mwaka juzi, na mwaka mzima huyu bibi ameniapia kwamba mume ndiye atarudi.

"Lini?"

"Piga kwanza."

Nikamketisha. Nikamtoa maua, nikamwambia afunge mdomo, asitabasamu. Picha ya kwanza akacheka. Ya pili nikacheka mimi, kamera ikatikisika. Ya tatu macho yalikuwa mekundu, nikasema ni taa, naye akakubali ni taa. Ya nne ndiyo ikatoka: uso mkavu wa mtu nisiyemjua. Nikapima kwa rula kutoka kidevu hadi utosi, maana lazima iwe kati ya milimita 31 na 36. Ikatoka 34. Nilitamani ikosee.

Nyuma ya picha hizo huandikwa jina la mwenyewe, tarehe yake ya kuzaliwa, studio na anwani yake. Nikaandika polepole. Neno Nairobi nililirudia juu yake kwa kalamu mpaka likakolea. Nikakataa pesa. Alipofika ngazi ya chini simu yangu ikaita: ametuma shilingi 300. Hata nauli ya mvua ameniwekea.

Saa 12 jioni nafunga. Gari, giza, mtu anakula mutura karibu na sikio langu.

Saa 3 usiku mumewe anapiga, kwao ni saa 6 mchana.

"Shem, ametutumia nakala za picha, mbele na nyuma. Umeandika kila kitu, lakini tarehe ya kupigwa hakuna."

Nikafumba macho nikaiona ile karatasi. Kweli, hakuna.

"Mwambie aje nayo kesho," nikasema. "Asije asubuhi, nitakuwa chuoni. Aje saa 7, tutakula kwanza."

"Si ni kuandika tarehe tu?"

"Saa 7, shem."