Siku moja ya mwalimu wa "labda" mjini Yiwu

Nyumbani Tanga wakisikia nafundisha Kiingereza China, wanadhani naimba a-b-c na watoto. Wanafunzi wangu ni watu wazima, wauzaji wa zipu, vifungo na soksi hapa Yiwu. Bei na rangi wanazisema vizuri. Kinachowaponza ni kusema jambo lina uhakika kiasi gani.

Saa kumi na mbili asubuhi nasahihisha madaftari kwa chai ya rangi. Saa mbili hadi saa sita, madarasa mawili, makosa yale yale: "He maybe is sick", "I am possible to come". Nafuta, naandika "He may be sick", "I might come", tunasonga mbele.

Saa nane mchana dada mmoja wa duka la zipu aliingia na simu mkononi, macho mekundu. Wiki iliyopita alimwandikia mteja wa Kariakoo: "Maybe this week we cannot send." Kichwani mwake ilikuwa keneng, yaani "labda" ya Kichina, na keneng mara nyingi ni hapana iliyovishwa adabu. Mzigo hautoki, basi. Mswahili anaijua lugha hiyo; ndiyo "tutaona kesho" ya fundi cherehani. Lakini mteja alisoma labda, akawaahidi watu wake, na sasa anafoka kwa ujumbe wa sauti, mmoja baada ya mwingine.

Tukaandika upya: "It didn't go. It will probably leave on Tuesday." Nilidhani tumemaliza.

"Laoshi (mwalimu), probably ni asilimia ngapi?"

Zaidi ya nusu, nikamwambia. Sabini? Themanini? Na may? Na might? Alichora jedwali, akataka namba kila mstari. Nilimweleza kwamba kwa Waingereza wengi may na might karibu ni ndugu pacha; akakataa. Nikamsimulia kisa cha CIA, shirika la ujasusi la Marekani, mwaka 1951, walipoandika kwamba shambulio dhidi ya Yugoslavia ni "serious possibility". Sherman Kent, mchambuzi wao, alipowauliza wenzake walimaanisha nini, majibu yalianzia 20 kwa 100 hadi 80, na wote walikuwa wameikubali sentensi hiyo hiyo.

"Na Kent mwenyewe?"

"Sitini na tano."

Akaandika 65 kwenye jedwali. Koo lilikuwa limenikauka, darasa la jioni likinisubiri mlangoni. Nilimheshimu, hata hivyo. Hakutaka kumdanganya mteja mara ya pili.

Darasa la jioni silikumbuki vizuri. Nilikuwa nimeshajilaza simu ilipolia. Ni yeye: "The goods must leave tomorrow." Nikamjibu kwamba hapo mteja atasikia amri. Gari limeshapakiwa?

Ikaja picha ya lori, turubai limefungwa kwa kamba.

Basi andika will.